Sakafu ya Dansi Iliyotoka Ghalani

Maelezo yaliyotolewa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa Vyama vya Msingi, siku ya kuadhimisha miaka kumi



Halmashauri imetuagiza tusimame mbele yenu tueleze habari za ile sakafu ya mbao mliyoiona uwanjani mlipokuwa mkiingia. Hatukuagizwa kusema juu ya bei ya pamba wala mikopo ya pembejeo. Hayo Mwenyekiti amekwisha kuyasema asubuhi, tena kwa kirefu. Sababu ya sisi kupewa kazi hii ni kwamba vyama sita vimeleta barua vikitaka kuazima sakafu hiyo, na viwili vimeuliza namna ya kuunda ya kwao. Tena, tusifichane, liko neno linalosemwa minadani na chini ya miembe, ya kwamba fedha za wakulima zimegeuzwa kuwa mbao za kuchezea. Neno kama hilo halifai kujibiwa chemba. Lapasa kujibiwa hapa, mbele ya wenye fedha.

Usukuma haijapata kupungukiwa ngoma. Bagika na Bagalu wameshindana tangu zama za mababu, na mpaka hivi leo mwezi wa sita watu humiminika Bujora kutazama mashindano hayo. Bugobogobo huchezwa kwa majembe mikononi, nayo mahali pake ni ardhini, maana jembe likirushwa na kudakwa juu ya mbao, hizo mbao hazitamaliza jioni moja. Wigashe huchezwa watu wakiwa wameketi, haidai sakafu yo yote. Twayataja hayo mapema kwa kuwa mzee mmoja alitufuata ofisini akatuuliza kama Chama kimeamua kuiondoa ngoma ya baba zake. Hatukuamua hivyo, wala hatuna mamlaka ya kuamua hivyo.

Lakini liko dansi. Wazee wengi mlio hapa mlikuwa vijana katika miaka ya 1960, enzi za Tabora Jazz, Western Jazz na Nuta Jazz, nanyi mwajua kuliko sisi kwamba dansi ni mchezo wa viatu, wa kuteleza polepole mtu na mwenziwe. Mjini kuna sakafu za saruji. Kwetu vijijini dansi huchezwa juu ya mchanga wakati wa kiangazi, na juu ya tope mvua zikianza. Katika mkutano mkuu wa mwaka juzi mama mmoja, mjumbe wa chama cha msingi, alisimama akasema maneno ambayo tuliyaandika katika kumbukumbu kama yalivyo: kwamba kila mwaka twawaita wakulima waje washerehekee, nao hurudi makwao wakikohoa siku tatu kwa vumbi. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliongeza kwamba wanawake wengi huondoka mara baada ya chakula, na kwamba mambo mengi ya Chama huzungumzwa jioni, wao wakiwa wamekwisha kwenda.

Hapo ndipo Halmashauri ilipolikubali jambo hili, ikaweka sharti moja: isitumike hata senti moja ya mauzo ya pamba. Sharti hilo ndilo lililotupeleka kwenye takataka.

Nyuma ya ghala letu kulikuwa na rundo la chaga za mbao, zile za kupangia magunia yasilale chini. Zilikuwa 118, nyingine zimevunjika mbavu, nyingine zimekaa mvuani misimu miwili. Yeyote angedhani kwamba mbao mbovu ni za kuchukua tu. Sivyo. Chaga hizo ziliandikwa katika daftari la mali ya Chama, na mali iliyoandikwa haiwi takataka kwa kutazamwa. Huwa takataka kwa azimio. Tuliomba kibali cha kuzifuta kitabuni, mtunza ghala akazihesabu mbele ya wajumbe wawili, hati ikatiwa sahihi, ndipo msumeno ukaguswa. Kazi hiyo ya karatasi ilichukua wiki tano, na fundi alitusuta sana. Hata hivyo twawasihi wenzetu wa Vyama vya Msingi msiiruke. Vyama vikuu vya nchi hii vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wazee wetu waliotumikia vyama vya wakati ule hutuambia kwamba mali isiyokuwa na hati ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupotea.

Kazi ya pili ilikuwa kuchagua, nayo twaiona kuwa kubwa kuliko zote, kubwa kuliko hata useremala. Ghala la pamba si ghala la nguo. Chaga nyingine zilikuwa zimebeba dawa za kuulia wadudu, na nyingine zilibeba mbegu zilizokwisha kutiwa dawa. Mbao hunywa. Dawa ikimwagika juu ya ubao, kuoshwa kwa juu hakuitoi yote iliyoingia ndani, na sakafu ya dansi ni mahali ambapo watoto watacheza miguu mitupu mchana kabla ya wakubwa kuja usiku. Basi kila chaga yenye doa au harufu ya dawa, na kila ambayo mtunza ghala hakuweza kuapa ilikuwa chini ya nini, tuliiweka kando. Tena zilikuwamo chaga zilizokuja na mizigo ya nchi za nje. Hizo huwa na chapa ya suke la ngano iliyochomwa ubavuni, na karibu yake herufi mbili. Zikiwa HT, ubao ulitiwa joto ili kuua wadudu. Zikiwa MB, ulifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu. Za MB tulizikataa. Jumla tulikataa 31, na nyingine 9 zilikwisha kuliwa na mchwa. Zikabaki 78.

Vijana walitaka zile 31 zikafanyiwe kuni za kupikia siku ya mkutano. Tuliwazuia, kwa kuwa moshi wa ubao wenye sumu huingia chunguni na kifuani. Zimefungiwa katika chumba cha peke yake zikingoja maelekezo ya bwana shamba.

Mbao za juu tulizipata kwa mkandarasi aliyetujengea ghala jipya. Alikuwa na mabamba ya plaiwudi aliyotumia kufungia zege, unene wake milimita 18, meusi, yamejaa matone ya saruji na kingo zimeliwa. Kwake hayakuwa na kazi tena. Tulichukua 20, mawili yakawa yameoza katikati, 18 yakafaa. Kitu cha tatu kilitoka kiwandani: mikanda ya mtambo wa kuchambulia pamba iliyokatika, ile minene ya mpira na turubai.

Sasa juu ya kuunda. Mjumbe mwenye daftari na aandike.

Usiing'oe chaga kwa nyundo. Misumari yake hushika sana, na ukivuta, ubao hupasuka. Ingiza jino la msumeno wa chuma kati ya ubao wa juu na mhimili wake, ukate msumari, mbao zitaachana zenyewe. Kisha pitisha sumaku. Sisi tulitumia sumaku ya spika mbovu ya redio, tukaiburuta juu ya kila ubao, nayo ilitutolea vichwa vya misumari ambavyo jicho halikuviona. Msumari mmoja uliosahaulika waweza kuharibu randa, na waweza kuharibu unyayo.

Mihimili ya chaga ilikuwa ya inchi 2 kwa 4, urefu mita 1.2. Urefu huo ndio ulioamua kila kitu. Bamba la plaiwudi lina mita 2.44 kwa 1.22, ukilikata mara mbili na kupunguza zile kingo zilizoliwa, wapata vipande viwili vya mita 1.2 kila upande. Kwa hiyo kila kipande cha sakafu yetu ni mraba wa mita 1.2, na chini yake kuna fremu ya mihimili sita iliyolazwa bapa: miwili mirefu ya kando, na minne iliyopunguzwa ikalala kati yake. Chaga moja ina mihimili mitatu; kipande kimoja hula chaga mbili. Tuliunda vipande 36, vikala chaga 72, sita zikabaki kuwa akiba. Vikitandikwa sita kwa sita hupatikana sakafu ya mita 7.2 kila upande, na jozi 40 huweza kucheza bila kukanyagana, ila wakiwa wamekunywa.

Siri iko kingoni. Plaiwudi haikupigiliwa sawasawa na fremu yake. Tuliisogeza sentimita 5 pembeni, ili pande mbili iwe na ulimi unaotokeza, na pande mbili nyingine fremu itokeze kama kizingiti. Ulimi wa kipande kimoja hulala juu ya kizingiti cha jirani yake. Kwa njia hiyo mshono hauna ufa wa kupita mpaka chini, na mtu akikanyaga mpakani, vipande viwili hubeba uzito wake pamoja. Plaiwudi ikazwe kwa skrubu, kila sentimita 15, vichwa vizamishwe. Msumari haufai hapa hata ukiwa mpya, kwa kuwa mtikisiko wa miguu huupandisha kidogo kidogo mpaka ukatokeza kichwa.

Chini ya fremu, pembeni na katikati, tulipigilia vipande vya mkanda wa mtambo. Huzuia unyevu wa ardhi, hupunguza kishindo, na mchezaji husikia sakafu ikijibu kidogo chini ya mguu badala ya kumgonga goti. Fremu tulizipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, zikaachwa juani wiki mbili zikauke, maana oili mbichi huwaka upesi na hunuka usiku kucha. Juu tulikwangua saruji, tukapiga msasa, tukapaka vanishi mara tatu. Wako waliotaka tumwage unga wa poda ili watu wateleze vizuri. Tulikataa, nta ya mshumaa iliyokwaruzwa kidogo yatosha.

Bwana Mwenyekiti, twafika mahali ambapo tungependa kupita haraka, lakini hatutapita haraka.

Sakafu ilipokuwa tayari, boliti za kuunganishia vipande zilikuwa hazijafika kutoka mjini. Ilikuwa mwezi wa Desemba, watu wamemaliza kupanda, na mtumishi mwenzetu mmoja alikuwa na arusi. Fundi alisema tungoje. Sisi tulisema kwamba kila kipande kina uzito uzidio kilo 30, vyote pamoja vyapita tani moja, kitu kizito hivyo kitakwenda wapi? Tuliitandika bila boliti. Muziki ulianza saa mbili usiku. Kufikia saa tano miguu ya watu mia ilikuwa imevisukuma vipande, kidogo kwa kila wimbo, hata ulimi mmoja wa upande wa kusini ukaachana na kizingiti chake, ikabaki nafasi ya vidole viwili. Taa ilikuwa mbali. Kisigino cha mama mmoja kiliingia humo, akaanguka kwa mkono, na mkono ukavunjika karibu na kifundo.

Mama huyo ni mjane, ni mwanachama, ana ekari mbili za pamba, na palizi ilikuwa inakaribia. Gharama ya hospitali ilikuwa shilingi 95,000. Tulilitafakari jambo hili: je, zitoke katika fungu gani la Chama? Hakuna fungu, na haraka haikuwa ya Chama, ilikuwa yetu. Sisi watatu tuliotoa amri ya kutandika tulizilipa mifukoni mwetu. Shamba lake lilipaliliwa mara mbili na kundi la vijana wa kijiji, kwa desturi ileile ya zamani ya basumba batale, kulima kwa pamoja na kuimba. Wengi wetu tuliokwenda shule tumeisahau desturi hiyo, ilhali ilikuwapo kabla ya Victoria Federation kuandikishwa mwaka 1955, na huenda ndiyo iliyowafanya wazee wetu wauelewe ushirika upesi kuliko walivyotazamiwa. Sisi nasi tulikwenda na majembe. Hatukulima vizuri kama wao. Pamba yake ilivunwa. Mkono wake, kwa bahati mbaya, haukunyooka kama ulivyokuwa.

Boliti zilifika wiki mbili baadaye. Ni za milimita 8, urefu inchi 3, vichwa bapa vinavyozama ndani ya plaiwudi, na hukazwa kutoka juu kwa bisibisi pana. Nati imefungiwa chini ya kizingiti kwa kipande cha bati, isianguke wala kuzunguka. Kila mshono una boliti mbili. Mishono ya ndani ni 60, basi boliti ni 120, wala hakuna mshono unaosamehewa. Na matundu yasitobolewe kwa kukisia. Sisi tulitoboa vipande vinne vya kwanza kwa macho, na kila kimoja kikawa kinakubaliana na jirani mmoja tu, kama watu waliogombana na ukoo mzima. Kisha fundi akatengeneza kiolezo cha bamba la chuma chenye matundu mawili, akakiweka juu ya kila ukingo, na tangu hapo kipande cho chote huoana na cho chote. Pembeni mwa sakafu yote tumeweka mbao za chaga zilizorandwa kwa mteremko na kupakwa chokaa, ili mtu aone ukingo usiku na asijikwae.

Mahali pa kutandika pawe pa kichanga. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba masika; sakafu haitatulia. Kama hamna pima maji, chukueni mpira mwembamba ulio wazi kwa macho, mjaze maji, mshike ncha mbili pembe kwa pembe. Maji hayasemi uongo.

Sasa fedha. Boliti na nati ziligharimu shilingi 150,000, skrubu 48,000, vanishi na msasa 110,000, na fundi alilipwa 180,000. Jumla ni shilingi 488,000. Fedha hizo zilitoka katika posho za kikao kimoja ambazo wajumbe wa Halmashauri waliziacha kwa hiari, isipokuwa wawili, nao walikuwa na haki ya kutoziacha. Chama cha Msingi hupewa sakafu bure, kikileta gari lake; mwenye arusi hulipa shilingi 30,000 kwa usiku. Imekodishwa mara 11, ikaleta shilingi 330,000. Atakayesema kwamba sakafu bado haijarudisha gharama zake atakuwa amesema kweli, na hesabu zimebandikwa mlangoni pa ofisi aje azisome. Atakayesema kwamba ilinunuliwa kwa pamba yake, huyo twamwomba aje na stakabadhi yake ya mauzo, tukae naye tuipitie mstari kwa mstari. Kama kuna fedha anayodai ya msimu uliopita, nayo tutaiona hapo hapo, kwa kuwa twajua wako wanaodai, na dansi haiwezi kuwa jibu la deni.

Wanaoazima na waandike jina katika daftari, sahihi ya mwenyekiti na ya katibu wa chama chao, na wahesabu boliti mbele yetu wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha. Mara ya mwisho zilirudi 113.

Saba hizo zimekwisha kununuliwa, lakini leo asubuhi fundi ametuarifu kwamba nati mbili za safu ya mashariki zimeharibika meno. Vipande viwili vya upande huo tumevizungushia kamba. Twaomba mtu asivikanyage mpaka kamba itolewe. Saa kumi jioni fundi atapita mshono kwa mshono na bisibisi. Yule mama aliyevunjika mkono yumo humu ndani, ametuambia atacheza, ila kwanza atakaa kiti cha mbele atazame boliti zote 120 zikikazwa. Tumemwekea kiti.